Faini ya Chapati Mia Nne

Njia ya kwenda Kadiria sitaisimulia. Wanaopenda habari za vumbi, mito na malengelenge ya miguu wana wasimulizi wao wa kutosha. Mimi naanzia pale Sikudhani binti Mwenda alipofika langoni mwa mji mkuu wa nchi hiyo, amechoka hoi, fedha amezifunga kiunoni chini ya kanga mbili, na kichwani ana jambo moja tu: kumlipia mdogo wake Shomari faini yake, amtoe huko, amrudishe nyumbani kabla mama yao hajafumba macho.

Mama yao alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Macho yameingia ukungu, miguu imevimba, na kila mlango ulipolia aliuliza kama ni Shomari. Shomari alikwenda Kadiria kuuza mikeka akiwa kijana asiye na ndevu. Sasa wachuuzi waliopita huko walileta salamu kwamba ana mvi. Hakufungwa. Kadiria haina jela, na wenyeji wake hulitaja jambo hilo kwa kila mgeni kabla hata hajakaribishwa maji. Mwenye faini anatembea atakavyo, anafanya kazi, anaoa akitaka. Ila havuki mpaka wa nchi hadi awe amelipa.

Kosa lake lilikuwa hili. Siku moja ya mvua aliegemeza mzigo wa mikeka nje ya kizingiti cha chumba alichopanga. Sheria ya Kadiria haitaki kitu cha biashara kivuke kizingiti, hata kwa unyayo mmoja, na adhabu yake ni chapati mia nne.

Msomaji asidhani nimeteleza. Faini za Kadiria huandikwa kwa chapati. Zamani ziliandikwa kwa shaba, ambayo ndiyo fedha yao, na mtu aliyemwaga maji machafu barabarani alitozwa shaba kumi. Enzi hizo shaba kumi zilikuwa kitu, mtu aliuza kuku kuzipata. Miaka ikaenda, bei zikapanda, shaba kumi zikawa hazinunui hata paja la kuku. Matajiri wakawa wanamtuma mtumishi barabarani na ndoo mkono mmoja, shaba kumi mkono wa pili. Mji ukanuka. Basi Baraza likakaa, na lazima niseme kweli, hoja yao ilikuwa na akili: faini isiyopanda pamoja na bei si adhabu tena, ni ruhusa ya kununua. Wakakubaliana faini zifuate bei. Kilichowashinda ni kukubaliana bei ya kitu gani. Walibishana juu ya chumvi, wakabishana juu ya mchele, wakatukanana kwa sababu ya sabuni. Mwisho wakachoka, wakatoka kwenda kula, na walipokuwa wamekaa langoni kwa Bi Kidawa, mkaanga chapati, mikono imejaa mafuta, mmoja wao akasema kwamba kipimo wanacho vidoleni. Nani asiyekula chapati?

Tangu siku hiyo, mara moja kwa mwaka, Mkadiriaji Mkuu hutoka ofisini, hununua chapati moja kwa Bi Kidawa kwa bei ya siku ile, na kuila yote mbele ya watu, asije mtu akasema baadaye kwamba ilikuwa nusu. Akimeza tonge la mwisho, baragumu linapigwa. Bei aliyolipa ndiyo bei ya faini zote za nchi hadi mwaka mwingine.

Taabu ilikuwa moshi. Bi Kidawa anakaanga kwa kuni, moshi unaingia madirisha ya Baraza, na moshi una faini yake, chapati sitini kila mwezi. Atazilipa kwa nini kama si kwa chapati? Bei ya chapati ikipanda, faini yake inapanda. Faini ikipanda, hana budi kupandisha bei. Muuza unga naye ana faini ya gunia lililochungulia nje, mchanja kuni ana yake, mwenye mkokoteni ana yake, na wote huzichomeka mle mle kwenye bei, zikaishia kwenye kikaango cha Bi Kidawa. Mwaka mmoja aliona haya, akaacha bei ilivyokuwa na kupunguza donge. Baraza likamletea sahani ya mti na kumwamuru kila chapati iifunike hadi ukingoni. Yule mama hakuwa mjanja wala mpinzani. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, aliyetaka kukaanga chapati zake, amalize, akalale. Nchi nzima ilimchukia, na nchi nzima ilinunua kwake.

Hayo yote Sikudhani aliyasikia baadaye. Asubuhi ile alimwona tu mtu mwembamba ameegemea nguzo ya lango, mvi zimemtapakaa, akamtambua kwa namna alivyokuna sikio. Walikumbatiana. Shomari alilia, akacheka, akamwuliza hali ya mama, kisha bila kungoja jibu akamshika mkono na kumkokota mbio. Leo ndiyo siku ya kupima, akamwambia. Chapati bado ni shaba nne. Baragumu likilia hajui itakuwa ngapi.

Fedha za Sikudhani zilitoka kwenye shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe. Aliliuza lote, hakubakiza hata mnazi wa kuchumia dafu la mgonjwa. Kwa chapati ya shaba nne zilitosha, na kidogo kingebaki cha kula njiani. Zilipaswa kutosha hasa, kwa maana Kadiria hawapokei malipo ya kidogo kidogo. Nusu ya faini, husema, ni nusu ya toba.

Dirisha la malipo lilikuwa na foleni, lakini si ya kutisha. Ilisogea. Jua lilipokaa utosini, mbele yake alibaki mtu mmoja tu, Bwana Nurdini, mzee msafi mwenye kanzu ya hariri na fimbo ya mpingo, ambaye kila mtu alimwamkia. Sikudhani alishusha pumzi. Alifungua fundo la ndani ya kanga, akazishika fedha mkononi.

Bwana Nurdini hakuja kulipa kosa alilofanya. Alikuja kulipa makosa atakayofanya. Sheria ya Kadiria inaruhusu mtu kulipia kosa kabla, kwa bei ya siku aliyolipa, na hazina ya nchi inapenda sana jambo hilo kwa kuwa fedha zinaingia mapema. Ndiyo maana siku ya kupima wenye uwezo hufika dirishani kabla baragumu halijalia na kununua dhambi za mwaka mzima kwa bei ya zamani. Karani aliuliza, Bwana Nurdini akafikiri, karani akaandika. Maji machafu ya nyumba zake nne, kila wiki. Magari yake ya ng'ombe kupita njia ya waendao kwa miguu. Kumtukana askari hadharani, mara moja. Akatafakari, akasema waandike mbili, kuna askari mmoja anamjua.

Sikudhani alimgusa bega kwa adabu. Alimweleza habari ya mama yake kwa sentensi chache, kwa sababu hakuwa na muda wa nyingi, akamwomba ampishe. Bwana Nurdini aligeuka, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli.

"Mama, ningekupisha kwa moyo mweupe," alisema. "Lakini anayetoka mbele ya dirisha anarudi nyuma kabisa, ndiyo kanuni yao. Na mimi sijafika kwenye ukuta."

Ukuta ulikuwa ule aliokusudia kuusogeza ndani ya kiwanja cha jirani.

Kutoka pale dirishani lango lilionekana. Mkadiriaji Mkuu, mzee Farjala, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya Bi Kidawa, watu wamemzunguka kimya, naye anatafuna. Meno yake yalikuwa machache. Sikudhani alitazama taya lile likipanda na kushuka, na akaona kitu ambacho wengine labda hawakukiona: yule mzee aliitazama foleni, kisha akatafuna polepole zaidi. Alikata tonge dogo, akaligeuza mdomoni, akapumzika, akafuta midomo, akakata jingine dogo kuliko lile. Hakuna sheria iliyosema chapati iliwe kwa muda gani. Alifanya yote ambayo mtu mmoja angeweza kuyafanya kwa chapati moja, lakini chapati ikitafunwa huisha.

Karani alikuwa akiuliza urefu wa ukuta baragumu lilipolia. Alimalizia hesabu ya Bwana Nurdini, maana ilikwisha kuanza, akavuta ubao wa dirisha, akaufunga.

Chapati ilikuwa shaba tano.

Sikudhani hakupiga kelele. Alisimama na fedha zake mkononi huku watu nyuma yake wakitawanyika wenyewe, bila kunung'unika, kama watu walioambiwa mvua haitanyesha leo. Bwana Nurdini alisikitika. Alisema angemkopesha kilichopungua, lakini fedha zake zote amezimimina dirishani, maana mwenye akili hakai na fedha taslimu baada ya baragumu. Akafikiri, akasema anaweza kumpa kitu kingine. Alikuwa amelipia makosa sita ya kuvuka kizingiti, hatayamaliza yote, basi Shomari achukue moja. Wakamwita karani atoke. Karani alieleza, naye hakuwa na ubaya wowote, kwamba malipo yale ni ya makosa yajayo. Shomari anaruhusiwa tangu sasa kuegemeza mikeka nje kwa mara nyingine bila kutozwa. Ile mara ya kwanza inabaki palepale.

Hasira ilimpanda Sikudhani hapo, ikamtoa machozi, na ni hasira iliyompeleka hadi ofisini kwa Mkadiriaji Mkuu. Mzee Farjala alimpokea vizuri, akamketisha, akajishika tumbo. Mafuta ya Bi Kidawa hayakupatana naye tangu ujana. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilifika kabla ya baragumu, mzee wangu," Sikudhani alisema. "Fedha ninazo mkononi. Mdogo wangu ana kosa gani tena?"

"Hana, mwanangu. Wala wewe huna. Lakini sheria inamtambua aliyelipa, haimtambui aliyesimama."

Alimweleza habari ya moshi na unga na kuni, bila kuficha, kwa sauti ya mtu aliyeirudia habari hiyo hadi ikamchosha. Sikudhani alimwuliza kwa nini asitangaze bei ya chini. Mzee akasema uongo wa Mkadiriaji una faini yake, chapati elfu, na yeye tayari anayo moja ya zamani. Mkewe wa kwanza alizikwa ng'ambo ya mpaka. Hajaliona kaburi. Aliposema hivyo hakutaka kuhurumiwa. Mzee akamwambia Baraza linakaa alasiri ile, wageni wanaruhusiwa kusikiliza, labda atafarijika.

Walikwenda yeye na Shomari, wakaketi nyuma. Baraza la Kadiria lina adabu kuliko mabaraza mengi niliyoyasikia. Hakuna anayemkatiza mwenziwe. Mjumbe mmoja kijana alisimama akasema, kwa heshima zote, kwamba kama Bi Kidawa angesamehewe ule moshi, bei ingeshuka, na faini za nchi nzima zingepumua. Alijibiwa kwamba kumgusa Bi Kidawa ni kugusa mizani, na nchi inayogusa mizani yake haina tofauti na muuza nyama mwizi. Mwingine akapendekeza mishahara nayo iandikwe kwa chapati, ili mtu akitozwa awe na cha kutoa. Hili liliwashtua kidogo. Mjumbe mkongwe alifafanua kwamba mshahara ni mapatano baina ya watu wawili, na faini ni heshima ya dola. Mapatano yanaweza kusubiri, heshima haisubiri. Wengi waliitikia kwa vichwa. Kisha ikasomwa taarifa kwamba moshi umezidi mwaka huu, ishara kwamba adhabu yake haiogopwi, na kwa kauli moja ikapandishwa kutoka chapati sitini hadi themanini.

Shomari alicheka. Sikudhani alimgeukia, akakuta ni kicheko kile anachocheka mtu aliyezoea maumivu ya jino.

Chumbani kwa Shomari kulikuwa na mkeka, sufuria na ndoo, vyote vimepangwa mbali na kizingiti. Walikula wali na mchicha. Sikudhani alisema ataingia njiani kesho yake, atauza nyumba, atarudi na kilichopungua na ziada, hata chapati ikifika shaba sita. Shomari alifinyanga tonge muda mrefu bila kulitia mdomoni.

"Dada, ukiuza nyumba, mama utamlaza wapi?" aliuliza. "Mimi nimekusanya miaka yote niliyokaa hapa. Nikifika chapati ya shaba mbili, iko tatu. Nikifika tatu, nimepata homa, nimekula akiba. Niliacha kukusanya. Siku nilipoacha nililala usingizi mzuri, nakuambia kweli."

"Kwa hiyo nimwambie nini mama?"

"Mwambie nakuja."

Baadaye, alipokuwa akimfungia chakula cha njiani, alizisukuma zile fedha, ambazo Sikudhani alitaka kumwachia, kurudi kwa dada yake. Alisema azirudishe, mama atazihitaji. Sikudhani akauliza kama ana maana ya dawa. Shomari akasema ndiyo, dawa, na mengine yatakayofuata dawa. Alisema akiwa ameinamia fundo la kitambaa, akilikaza mara ya pili na ya tatu, na Sikudhani akaelewa kwamba mdogo wake alikwisha kumlilia mama yao peke yake, hapa, zamani, akamaliza. Yeye ndiye aliyekuwa hajaanza.

Mpakani Shomari alisimama nyuma ya mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Askari alimsalimia kwa jina. Sikudhani alivuka, akageuka mara nyingi, na kila alipogeuka mdogo wake alikuwa amenyanyua mkono, mpaka kichaka kikawatenganisha.

Na njia ya kurudi nayo naiacha, isipokuwa mahali pamoja. Katika soko la mji wa mwisho kabla ya kwao, Sikudhani aliingia kununua mafuta ya kumkanda mama miguu. Duka la jirani liliuza vitambaa. Aliona jora la bafta nyeupe, akaingia, bila kujua kwa nini ameingia. Muuzaji alimtajia bei, akaongeza, kama wasemavyo wauzaji wote, kwamba mwezi ujao haitakuwa hiyo.

"Hii ni mpaka lini?" Sikudhani aliuliza.

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza. Alisimama pale kaunta, muuzaji akingoja na futi mkononi, akamfikiria mama yake, urefu wake, jinsi alivyosinyaa mwaka huu. Mama alikuwa hai. Huenda wakati huo huo alikuwa akiuliza nani amegonga mlango. Sikudhani akataja kipimo. Muuzaji hakuhitaji kuambiwa kitambaa ni cha nini, kwa kipimo kile na rangi ile. Alikata kimya, akampunguzia kidogo, akamwambia pole. Sikudhani aliipokea ile pole na chenji yake.

Alifika nyumbani jua limeshapanda. Jirani aliyekuwa akimtunza mgonjwa alimpisha mlangoni, akamtazama nyuma ya mgongo kama kuna mwingine anakuja, akaondoka bila kuuliza. Mama alikuwa ameketi kitandani. Alizisikia nyayo, akahesabu kwa sikio, akajua ni za mtu mmoja.

"Hukuja naye," alisema.

"Anakuja, mama. Amenituma nitangulie."

Mkono wa mama ulipapasa, ukaukuta mfuko wa Sikudhani, ukaingia ndani, ukatoka na bafta. Sikudhani alitaka kumnyang'anya, mkono wake ukakataa. Mama aliukunjua mkunjo mmoja, akausugua baina ya vidole, akaupeleka karibu na jicho lililokuwa likiona nuru kidogo.

"Nguo mpya," alisema. "Nyeupe. Hii kaninunulia Shomari?"

Sikudhani alipiga magoti kando ya kitanda.

"Ndiyo, mama. Ni ya Shomari."

Yule mama alitabasamu, jambo ambalo nyumba ile haikuliona tangu masika. Alisema mwanawe hakusahau kwamba yeye hapendi marangirangi. Alisema kitambaa ni kizuri, kizito, si cha bei rahisi, lazima mtoto amejinyima. Akaagiza wasimpelekee fundi, asije akakikata vibaya. Akakikunja mwenyewe, taratibu, akakiweka chini ya mto, akalala juu yake, akasema atakivaa siku Shomari atakapokuja.